Sekunde Sita za Lori la Tatsuo

Katika filamu alizozifanyia kazi Kurimoto Yasaburo, Jeshi la Kujihami la nchi yetu lilishindwa mara kumi na nne. Vifaru vyake viliyeyuka kama nta, ndege zake zilipigwa vibao kama nzi, na manowari zake zilipinduliwa na madubwana yaliyoibuka kutoka Ghuba ya Tokyo. Vyote hivyo alivitengeneza yeye mwenyewe, kwa bati jembamba na mbao laini, katika karakana ya kampuni moja ya filamu kule Chofu. Kifaru kimoja kilimchukua siku tisa kukiunda. Kuteketea kilichukua sekunde tano.

"Mimi naunda jeshi la kushindwa," aliwaambia wageni wa karakana. "Lakini angalieni rangi. Angalieni misumari. Angalau lishindwe likiwa nadhifu."

Mwanawe wa pekee, Tatsuo, aliingia katika jeshi lenyewe, tawi la nchi kavu, akawa dereva wa lori. Miaka ile askari hakuwa mtu wa kujivunia mtaani. Vita vilikwisha kutuunguza, na wengi hawakutaka hata kuona sare; askari waliitwa wezi wa kodi. Muuza samaki wa pale kituoni hakukosa neno kila mama yake Tatsuo, Bi Fusae, alipopita na kikapu.

"Mama Tatsuo, mwizi wetu wa kodi hajambo?"

"Hajambo, asante. Wiki nzima alikuwa akizoa theluji barabarani ili samaki wako wafike. Mbona bado wananuka?"

Alijibu akicheka, lakini nyumbani alimwambia mumewe, "Baba, siku moja nataka watu wamwone mwanangu akiwa kazini. Wamwone tu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza Kurimoto. Karakana ilikuwa na mwiko mmoja: gari la mfano lisipewe namba ya gari la kweli, lisije la kweli likapatwa na yaleyale. Mafundi wa zamani walianza namba zao zote kwa sifuri mbili, ambazo gari la kweli halina, kisha ndipo wakathubutu kuyachoma moto magari yao. Kurimoto aliushika mwiko huo miaka kumi na minane. Lakini majira ya kuchipua ya mwaka 1972 Tatsuo alikuja likizo, akaketi karakanani akimenya chenza, akamtazama baba yake akipaka rangi msafara wa malori.

"Baba, mbona kila mara tunakufa? Mimi tangu niingie jeshini sijawahi kuona adui. Nimeona theluji, nimeona matope, nimeona bibi mmoja aliyenikaripia kwa kukanyaga vitunguu vyake."

"Ukitaka kushinda, kawe dubwana."

"Basi niweke na mimi humo. Lori la tatu. Mama anione."

Kurimoto alisita. Kisha akachukua brashi nyembamba kuliko zote, akaandika ubavuni mwa lori la tatu: 24-3917. Ndiyo namba ya lori la Tatsuo.

Walikwenda kuitazama filamu wote watatu, siku ya kwanza, kama desturi ya familia za mafundi. Msafara uliingia darajani taa zikiwaka. Bi Fusae akaruka kitini: "Lile! Lori la Tatsuo lile!" Mguu wa dubwana ukashuka, ukalikandamiza lori pamoja na daraja na kilima kizima cha udongo.

"Nimekwisha kufa, Mama," Tatsuo alimnong'oneza. "Ninunulie aiskrimu."

Walicheka hadi watu wa mbele wakageuka.

Septemba ya mwaka 1974 kimbunga kilipiga milima ya kusini, na kikosi cha Tatsuo kikapelekwa kufukua kijiji kilichofunikwa na maporomoko ya udongo. Siku ya pili, mvua ikiwa bado inanyesha, mlima ukaporomoka tena. Lori lake lilikuwa limeegeshwa chini, na yeye alikuwa ndani akisubiri wagonjwa wapakiwe. Walimtoa baada ya siku tatu.

Kurimoto hakumwambia mtu yeyote juu ya mwiko. Alirudi kazini, akaunda ndege. Mwezi wa Desemba alipita chumba cha kukatia filamu, akaona kwenye kioo kidogo cha mashine daraja analolijua. Kampuni ilikuwa imeishiwa fedha, na filamu ya mwaka mpya iliunganishwa kwa vipande vya filamu za zamani. Ni jambo la kawaida katika kazi ile. Kifaru kimoja huweza kuungua katika filamu tano.

"Inokuma," alimwambia mhariri, "kipande hicho kitoe."

"Fundi, ni kizuri mno! Tazama lile la tatu linavyokata kona. Kwa nini nikitoe?"

"Lina namba ya mwanangu."

Inokuma akasimamisha mashine. Akaweka mkasi mezani.

"Fundi Kurimoto, naapa sikujua. Lakini nakala arobaini zimekwisha kwenda kwenye majumba ya sinema. Hii ninayoitazama ni ya kumbukumbu tu." Akainamisha kichwa karibu kugusa meza. "Ni sekunde sita. Namba haisomeki, hakuna atakayeiona."

"Mama yake ataiona."

Basi kilichobaki kilikuwa ni kumzuia Bi Fusae. Kurimoto aliziacha tiketi zao kazini, akamwambia mkewe kwamba mwaka huu mafundi hawakupewa. Uongo huo ulipita kirahisi. Walikuwa katika mwaka wa msiba. Hawakupeleka kadi ya mwaka mpya kwa mtu, hawakutundika mapambo mlangoni. Bi Fusae alisema tu, "Si kitu, Baba," akaendelea kukunja nguo.

Wiki ya pili ya Januari Kurimoto alirudi mchana kwa sababu ya homa, akakuta nyumba tupu. Muuza samaki, ambaye tangu mazishi hakutania tena, alimwambia kwa sauti ya chini, "Mama Tatsuo hupanda treni kila asubuhi, Mzee. Nilidhani unajua. Huenda sinema."

Alimkuta katika safu ya nyuma. Ukumbi ulikuwa na watu wasiozidi kumi, na kwa tiketi moja mtu aliruhusiwa kukaa hadi jioni. Kurimoto akaketi kando yake. Bi Fusae hakushtuka.

"Inokuma alikuja nyumbani kuomba radhi," alisema. "Alidhani umeniambia."

"Mama, nisamehe. Namba ile niliiandika mimi. Kuna mwiko..."

"Subiri. Linakuja."

Daraja likatokea, na taa za malori. La kwanza, la pili, la tatu. Kurimoto alihisi mkono wa mkewe ukishika mkono wa koti lake. Lori lilikata kona, likayumba kidogo, likajiweka sawa. Bi Fusae akafumba macho kabla mguu haujashuka, hakuyafumbua hadi kishindo kilipokwisha.

"Sehemu ile siitazami," alisema. "Natazama anapokwenda. Pale bado anakwenda, Baba. Siku nyingine naona kama atalivuka daraja."

Kurimoto alitaka kusema lile halikuwa lori, bali bati na mbao. Hakuweza.

"Nani alilivuta?" mkewe aliuliza.

"Mimi. Kwa waya."

"Ulilivuta polepole."

"Yeye alikuwa akiendesha polepole."

Alipolisema hilo uso wake ukakunjamana, akalia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mazishi. Mtu mmoja wa mbele akageuka, akamtazama mzee anayelilia filamu ya madubwana, akarudisha macho yake kwenye pazia.

Filamu ilikuwa na siku nne tu kabla ya kuondolewa. Kurimoto aliomba ruhusa kazini kwa ajili ya homa. Siku zote nne walipanda treni ya asubuhi pamoja, wakakaa safu ya nyuma, na kila msafara ulipoingia darajani, yeye ndiye aliyemwambia mkewe wakati wa kufumba macho.