Kimkeka Kilichosema Mtoto Wetu Hapumui

Mashine ilitangaza kwamba mwanangu hapumui. Wakati huohuo mwanangu alikuwa ananikodolea macho, ananyonya ngumi.

King'ora kililia hadi jirani akagonga ukuta. Mama mkwe ndiyo kwanza alikuwa ametoka chumbani kwa mtoto.

Nieleze kifaa chenyewe. Ni kimkeka chembamba kinachowekwa chini ya godoro la mtoto. Mtoto akipumua, taa inakuwa ya kijani. Akiacha, kinapiga kelele.

Mke wangu alipokuwa mjamzito, nilisoma maelezo yote ya kifaa hicho nikamwambia: hiki kwanza, nguo baadaye. Tuliwacheka sana wazazi wanaokesha kusikiliza pumzi za mtoto.

Mama mkwe alipokuja kutusaidia, alikipa jina. Askari.

"Huyu Askari wenu anakamata wasio na hatia," alisema.

Kikalia tena. Na tena. Kila kikilia, mke wangu anaachia alichoshika na kukimbia. Sahani zikapungua kabatini. Maziwa yake nayo yakaanza kupungua.

Kazi yangu ni kukagua mizani madukani. Kipimo kikisema uongo, kwanza natafuta nani kakichezea. Nikafuatilia. Kinalia mama mkwe akiwa zamu tu. Tukiwa zamu sisi, kijani mwanzo mwisho.

Jumamosi nikamwuliza mbele ya mke wangu.

"Mama, kule chumbani huwa unagusa nini?"

"Nagusa mjukuu wangu."

"Zaidi ya mjukuu?"

"Baba, sema tu kama nimeiba."

Akaingia chumbani kwake, akaanza kukunja nguo. Jumatatu mke wangu alitakiwa kurudi kazini. Mtu mwingine wa kumwachia mtoto hatukuwa naye.

"Mwombe radhi," mke wangu alisema.

"Mama, nisamehe kama nimekosea. Lakini ushahidi unaonyesha..."

"Ushahidi!" Mama mkwe alitoka na begi mkononi. "Mkaguzi mzima! Hicho kidude chako umekikagua?"

Sijawahi kupitisha mizani ya duka lolote bila kuweka jiwe langu la kupimia juu yake.

Nikaleta mkoba wa kazi, nikatoa jiwe la chuma la kilo tano. Nikamtoa mtoto kitandani, nikampa bibi yake. Nikalaza jiwe mahali pake.

Taa ya kijani.

Tukasubiri. Kijani tu. Chuma kilikuwa kinapumua vizuri kuliko mimi.

"Hongereni," mama mkwe alisema. "Kafanana na baba yake."

Mke wangu hakucheka. Mimi nilikuwa natazama feni ndogo tuliyoibana kwenye ukingo wa kitanda. Mbao zilikuwa zinatetemeka kwa mbali. Nikaizima.

King'ora kikalia.

"Si ndiyo hiyo huwa naizima," mama mkwe alisema. "Upepo unampiga mtoto kifuani. Ungeniuliza vizuri ningekwambia."

Kumbe muda wote ule Askari alikuwa analinda feni. Pumzi za mtoto hakuwahi kuzihisi hata kidogo.

Mke wangu alikaa chini sakafuni. "Kwa hiyo zile siku tulizolala fofofo, kwa sababu taa ni ya kijani..."

Nikachomoa betri.

Mpaka leo hasira yangu haiko kwenye zile kelele. Kifaa kinachokushtua bure utakichoka, utakitupa. Kinachokutuliza bure utakishukuru, na utalala. Hicho ndicho cha kuogopa. Ukinunua kitu cha kumlinda mtoto, kijaribu kwanza bila mtoto, hata kama maelezo yake ni matamu kiasi gani.

Mama mkwe amebaki. Begi hakulifungua mpaka nilipomwomba radhi bila kutaja ushahidi. Siku hizi nikipiga simu kutoka kazini kuuliza hali ya mtoto, jibu lake ni moja:

"Mtoto mzima, baba. Feni ndiyo sijaisikiliza pumzi."