Mistari Sita Niliyoing'oa

Mwaka niliorudi nyumbani kulima, mama alinipa msimu mmoja tu. Hakunizungusha. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akichagua mbegu za viazi, waru kama tunavyoviita huku, na alisema bila kuinua macho: "Hii mvua ni yako. Waru zikitoka, tutaongea. Zikikataa, napea mwenye matrekta shamba yote miaka tano, na wewe urudi Nakuru."

Mwenye matrekta alikuwa mkulima mkubwa wa upande wetu, huku juu ya Molo. Alikuwa akikodisha mashamba ya wazee waliochoka, moja baada ya jingine, mpaka sasa lililobaki kati yake na msitu lilikuwa letu. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia vizuri, na trekta lake lilimvuta kila mtu aliyekwama kwenye matope bila kuuliza ni nani. Lakini shamba likishaingia mikononi mwake, ua hung'olewa, miti hukatwa, na mwenyewe hubaki na nyumba na dirisha la kutazamia watu wengine wakivuna. Baba amezikwa kwenye kona ya chini ya shamba lile. Sikutaka trekta lipinde hapo.

Niseme ukweli kuhusu mimi mwenyewe. Nilikuwa nimekaa miaka minane katika ofisi moja mjini Nakuru, ghorofa ya tatu, ambako mvua ni sauti tu kwenye kioo. Kazi ilipoisha nikajifariji kwamba mtoto wa mkulima hasahau. Tena nina haraka. Mama husema nilizaliwa kabla mkunga hajavua koti. Nikiona jambo limeharibika nataka kulitengeneza saa hiyo hiyo, na kama halitengenezeki, basi nilibomoe nianze lingine.

Tulipanda mvua ndefu zilipoanza, na mwaka huo zilianza kwa fujo. Redio ilikuwa ikituonya kila asubuhi, sisi watu wa nyanda za juu, kuhusu mafuriko, radi na maporomoko, kwa sauti ya mtu aliyeketi mahali pakavu. Radi ilipasua msaipresi uliokuwa karibu na tangi la maji, na ng'ombe wetu akakataa kutoka zizini siku mbili. Ng'ambo ya mto kipande cha mlima kiliteleza mchana kweupe. Kilishuka na shamba la kabeji la jirani, na kabeji zilipofika chini zilikuwa bado zimesimama kwa mistari. Watu wote wa nyumbani kwake walikuwa wametoka tangu juzi yake, kwa sababu waliona ufa ardhini wakauamini. Barabara ilikatika mara tatu, na kila mara vijana na wazee walitoka na majembe wakaifungua.

Katikati ya hayo yote viazi vyangu vilimea. Vikafunika matuta, vikaanza kutoa maua meupe, na mimi nikaanza kutembea kwa maringo. Nilipiga picha nikawatumia wenzangu wa ofisini. Mama aliniona nikipiga picha, akasema maua hayaliwi.

Wingu lilikuja mchana mmoja, kama saa nane. Mama aliliona kabla yangu. Lilikuwa na rangi ya sufuria iliyozeeka, na chini yake kulikuwa na utepe wa kijani ambao sijawahi kuupenda tangu utotoni. Aliingia kwenye kibanda cha kuni, akachukua shoka, akalitupa katikati ya uwanja, makali yakitazama juu. Huku kwetu ndivyo wanavyofanya wazee mvua ya mawe inapokuja, eti mawe yakiona makali yapite mbali. Mama ni Mkristo wa benchi ya mbele, na nilimkumbusha hivyo.

"Mungu anajua hiyo shoka ni yangu," akasema. "Ingia ndani."

Mawe yalilipiga bati muda wa kuchemsha chai, si zaidi. Hatukusikiana. Nilimwona mama midomo ikienda, na sikujua kama anaomba au ananisemesha. Yalipokoma kulikuwa na kimya ambacho bado nakikumbuka masikioni. Nje kulikuwa kweupe kuanzia mlangoni hadi msituni, na baridi ilitoka ardhini ikapanda miguuni. Shoka lilikuwa limezikwa kwenye barafu, mpini tu ukionekana.

Shamba lilikuwa limepigwa mpaka likalala. Maua hayakuwepo, majani yalikuwa matambara, na mashina yalisimama kama vijiti vya kuchokolea meno. Nilivaa gambuti nikakimbia hadi kwenye geti la shamba. Mama, ambaye magoti yake humsumbua, alifika karibu sawa na mimi, sijui kwa mbinu gani. Alitoa waya mfukoni akalifunga geti.

"Hakuna mtu anaingia siku tano."

"Mama, msimu ni wangu. Ulisema."

"Msimu ni yako. Geti ni yangu."

Nilijua kanuni hiyo, kila mtoto wa huku anaijua. Shamba likipigwa na mawe huachwa kama lilivyo, lisikanyagwe, lisiguswe, mpaka vidonda vikauke. Lakini nilikuwa nimesoma, na mtu aliyesoma kidogo akikasirika huona kila kitu cha mamake ni ushirikina. Shoka, geti, vyote niliviweka kapu moja.

Kesho yake watu walianza kuja kutoa pole. Hiyo nayo ni desturi yetu. Mawe yakimpiga mtu, majirani huja kama wanavyokuja msibani, na thamosi ya chai na mkate uliofungwa kwenye leso. Kwanza husimama kwenye ua watazame shamba, kisha waje waketi na waongee kwa sauti ya chini. Waliongea habari za mawe ya miaka mingine, na za nani alipigwa vibaya zaidi. Niliwapikia chai ya kuongezea nikiwa nimekunja uso. Sikutaka pole ya mtu. Nilitaka viazi.

Mwenye matrekta alikuja pia, akaegemea ua muda mrefu kuliko wengine. Nilimwona macho yake yakitembea kutoka kona hadi kona.

"Pole sana, boss," akaniambia. "Lakini hapa hakuna kitu. Ng'oa, upande tena hii wiki. Mvua bado iko."

Wengine walitikisa vichwa kukubali. Hata jirani wa ng'ambo, aliyepoteza kabeji, alisema afadhali kuanza upya. Mama alimimina chai. Nilitafsiri kimya chake kuwa ni kukata tamaa, na hapo ndipo nilipokosea.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Mama alikwenda kanisani, nami nikasema kichwa kinaniuma. Alipopotea kwenye kona nilifungua waya, nikaingia na jembe na nusu gunia la mbegu iliyokuwa imebaki. Nilichimba kwa hasira. Nilichimba kana kwamba viazi vyenyewe ndivyo vilivyoniachisha kazi mjini. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, natupa mashina pembeni bila kuyatazama. Nilimaliza mistari sita. Mwanzoni mwa wa saba mgongo ulikataa, nikaketi kwenye tuta.

Hapo ndipo nilipotazama nilichokuwa nikitupa. Kwenye mizizi kulikuwa na viazi. Vingine vilikuwa kama maharagwe, vingine kama mayai ya njiwa, vyeupe, ngozi laini kama ya mtoto mchanga, na vilikuwa hai kabisa. Nilichukua shina moja. Mahali kila jani lilipokuwa limekatika, kwenye kwapa lake, palikuwa na ncha ya kijani ndogo kama punje ya mchele. Nikachukua jingine. Lilikuwa hivyo hivyo. Shamba lilikuwa linaamka taratibu, na mimi nilikuwa nimeliamkia na jembe.

Nilifanya jambo la kijinga. Nilipiga magoti nikaanza kurudisha mashina ardhini moja moja, nikiyafukia kwa mikono, nikilia na kuyaomba msamaha. Ndivyo mama alivyonikuta. Na hakuwa peke yake. Alikuwa ametoka kanisani na kundi la kutoa pole, akina mama watano na mzee mmoja wa kanisa, na wote saba walisimama kwenye geti lililo wazi wakinitazama nikiwa na matope hadi viwikoni. Kwetu, kuingia shamba lililopigwa ni kama kufungua jeneza.

Mzee ndiye aliyeuliza. "Mathe, nani amechimba hapa?"

"Ni mimi nilimtuma," mama akasema papo hapo. "Nilitaka kujua chini kuko aje."

"Mistari sita?"

"Shamba ni kubwa."

Mkristo wa benchi ya mbele, akiwa bado na Biblia kwapani! Akalifunga geti mimi nikishatoka, akawaongoza wageni ndani, na mazungumzo yakahamia kwenye mahubiri.

Mimi niliingia chumbani kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa na aibu ambayo sijawahi kuwa nayo ofisini, hata siku niliyokabidhiwa barua ya kuachishwa kazi. Nilitoa begi langu chini ya kitanda nikaanza kukunja nguo. Barabara ilikuwa imefunguka. Ningetembea hadi Molo nipate gari kabla ya jioni. Niliwasikia wageni wakiomba, wakiaga, wakiondoka. Kisha nikasikia mama akikusanya vikombe. Vilikuwa vingi, na jinsi vilivyokuwa vikigongana nilijua anavibeba viwili viwili kwa sababu ya mikono yake, ambayo baridi ikizidi hukakamaa.

Niliacha sweta nusu imekunjwa, nikaenda jikoni nikamnyang'anya vikombe. Nikaosha. Aliketi kwenye kigoda chake karibu na moto, akaota mikono mpaka nilipofika cha mwisho.

"Chini kuko aje?" akauliza.

"Ziko. Ndogo, lakini ziko. Na mashina yanachipuka."

"Nilijua."

"Sasa mbona hukusema, mama?"

"Nilisema. Nilifunga geti."

Siku ya tano upepo mkavu ulivuma asubuhi nzima. Mama alifungua waya mwenyewe, akaniambia nibebe pampu, tukapiga dawa ya blaiti, ule ukungu unaoozesha viazi, mstari kwa mstari. Wiki iliyofuata shamba lilikuwa na rangi tena, kijani chembamba kisichotosha hata kivuli cha kuku, nami nilikitazama nikawa na furaha ya kitoto. Mawe yalirudi mara mbili kabla mvua haijaisha, madogo. Mara zote mbili nilimwona mama akitafuta shoka, na mara ya pili nilikuwa nimeshalitupa mimi.

Ile mistari sita ilibaki wazi. Nilitaka kupanda sukuma wiki hapo, nifiche. Mama akakataa, akasema paachwe papumzike. Kwa hiyo kila asubuhi nilipita kando ya kile kipande kitupu nikienda kukamua, na baada ya muda nikaacha kugeuza uso.

Tulivuna Agosti. Havikuwa viazi vya kupigia picha. Vilikuwa vichache kuliko mwaka mwingine wowote ninaoukumbuka, na vingi ni vidogo, lakini vilikuwa visafi, vizito mkononi. Vilitosha chakula, vikatosha mbegu, na lori la madalali lilipopita halikuondoka bure. Sikujua kama hiyo ndiyo maana ya zile "waru zikitoka" za mama. Mama hakusema, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, niliogopa kuuliza.

Mwenye matrekta alikuja juma hilo. Alikuwa na futi ya kupimia mkononi na karatasi kwenye bahasha. Mama alikuwa uwanjani kwenye kigoda, akitenga mbegu, nami nilikuwa naanika magunia. Nilifikiri, basi, mama amemwita.

"Mathe, nimekuja tuongee ile maneno ya kukodi," akasema.

Mama aligeuza kiazi, akakikagua, akakitia upande wa mbegu. "Uliza mwenyewe," akasema, akinyoosha kidole kwangu. "Mimi nilishapeana."

Sisi wawili tulitazamana kama watu walioitwa jina moja. "Ulipeana lini?" nikauliza.

"Ile Jumapili."

"Jumapili niliyochimba? Mama, siku hiyo ndiyo niliyoharibu."

"Ehe. Na nikaona begi kwa kitanda. Mtu akiharibu shamba ya wenyewe, anabeba begi anaenda. Wewe ukakuja kuosha vikombe." Akachukua kiazi kingine. "Nikasema, huyu amejua ni yake."

Nililia mbele ya mgeni, wala sikujificha. Mwenye matrekta alikunja futi yake polepole, akatazama chini hadi nilipojipangusa na gunia. Kisha akaniuliza kwa heshima: "Sasa boss, unasemaje?"

Nikamwambia alete trekta wiki ijayo anilimie kwa malipo, aanze na mistari ile sita, lakini karatasi za kukodi aziache kwake. Akacheka, akatia bahasha mfukoni. Nikaingia jikoni kumtafutia kikombe.