Namba Moja kwa Kila Mtoto

Kwa muda mrefu habari za mwanangu zilinifikia zikiwa na kishale. Wenye simu hizi za kisasa wanakijua: ujumbe ukitoka kwa mtu mwingine ukasukumwa kwako, juu yake kunakaa kishale kidogo cha kukuambia kwamba wewe si wa kwanza kuupata. Sauti ya mwalimu ikisema binti yangu kasoma hadithi nzima bila kufuata mstari kwa kidole, kishale. Tangazo la kukata kucha na kuja na kandambili za chooni, kishale. Picha ya binti yangu mwenyewe ameshika chaki mbele ya ubao, kishale. Na aliyekuwa akinisukumia yote hayo alikuwa mke wa baba yake.

Mimi na baba yake tuliachana bila kuvunjiana sahani. Nikahamia Misungwi, nikafungua duka la pembejeo: mbegu, dawa za pamba, mabomba ya kupulizia. Mtoto akabaki Mabatini, Mwanza mjini, kwa baba yake, kwa kuwa shule alikuwa ameshaizoea na ilikuwa jirani na nyumbani. Likizo angekuwa kwangu. Nilikubali mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu. Kisha baba yake akaoa mwanamke wa Bukoba aliyesomea ualimu pale Butimba, ambaye hakuwahi kushika darasa, anashonea nguo nyumbani. Siku nilipomwona kwa mara ya kwanza, mwembamba, nadhifu, anaongea Kiswahili kama msoma taarifa ya habari, akili zangu timamu zikaaga.

Mwalimu wa darasa la tatu alikuwa mama mtu mzima anayekaribia kustaafu. Alikuwa na grupu la wazazi kwenye simu, na sheria yake ilikuwa moja: namba moja kwa kila mtoto. Zamani, alisema, waliingia baba, mama, shangazi na jirani, grupu likajaa biashara za vitenge na ugomvi wa watu wazima, matangazo ya watoto yakapotelea humo. Kwa mtoto wangu, namba iliyokuwemo ilikuwa ya yule mwanamke.

Haki yake niseme, hakuwahi kuninyima habari hata moja. Ingekuwa afadhali angeninyima, ningepata la kumlaumu. Alituma zote, na chini ya kila kishale aliongeza mstari wake. "Mwanetu anaendelea vizuri na hesabu." "Mwanetu ana mafua, nimempa maji ya uvuguvugu." Kisha anamalizia, kila mara: "Umeelewa dada?"

Mwanetu! Neno lile lilikuwa likinichoma masikio. Mwana wetu na nani? Usiku niliokesha naye wodini akiwa mchanga, anapumua kwa taabu, yeye alikuwa wapi? Huyo "wetu" alizaliwa lini?

Mara moja nilimwandikia harakaharaka amwombe mwalimu amlekebishie mtoto mwandiko. Jibu likaja, neno moja tu, na kinyota mbele yake: *amrekebishie. Mimi ni Msukuma, r na l zimenichezea tangu utoto, na katika duka langu hakuna anayejali. Lakini kusahihishwa na mtu anayemfunika mwanangu shuka! Nilikasirika hadi nikampimia mteja mbegu za alizeti wakati ameomba mahindi. Alirudi kesho yake kuniuliza kama ninaumwa.

Kilichonimaliza ni jino. Mtoto aling'oka jino la mbele akiwa darasani, mwalimu akatuma picha yake akicheka na pengo. Kishale. Chini yake: "Mwanetu kapata pengo! Jino tumesharusha juu ya bati." Tumesharusha. Nilikuwa nimelingoja jino lile. Likizo nzima nilikuwa nikilitikisa kwa kidole kila asubuhi, tukicheka, nikimwambia likitoka tutalirusha pamoja. Nililia pale dukani, katikati ya magunia ya mbolea, kisha nikanawa uso na kuamua kwenda shuleni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mzazi, karibu. Wewe ni mama wa nani?"

Nikamwonyesha binti yangu kupitia dirishani. Mwalimu akanitazama vizuri, akamtazama mtoto, akarudi kwangu.

"Kweli, amechukua sura yako. Kumbe yule mwingine..."

"Yule ni mke wa baba yake. Mwalimu, naomba uweke namba yangu. Mimi ndiye niliyemzaa."

Hakuwa na haraka. Alifuta miwani kwa kanga. "Mzazi, namba niliyonayo inajibu, na akiitwa anafika. Wewe unakaa wapi?"

"Misungwi. Si mbali."

"Si mbali ukiwa unakuja sokoni," akasema. "Mtoto akiumwa ni mbali."

Nikamrudia maneno yaleyale, kwamba mimi ndiye niliyemzaa, safari hii sauti ikinipanda, mpaka walimu wengine wakageuka. Mwalimu akashika simu yake. Akaifuta ile namba, akaingiza yangu, akaniambia nihakikishe haizimwi.

Niliondoka pale nikitembea kama mwenye harusi. Wiki ile ujumbe wa kwanza ukaingia, mtupu, bila kishale, kutoka kinywani mwa mwalimu hadi sikioni mwangu. Binti yangu alikuwa amemsaidia mwenzake kujumlisha. Niliusikiliza huku nikihudumia wateja, nikawasikilizisha na wao. Kisha nikamsukumia yule mwanamke, ili naye aonje kishale kinavyokaa.

Muda si mrefu likaja tangazo kubwa. "Wazazi wangu, Jumatano watoto watameza dawa za kichocho na minyoo. Mtoto ale ashibe kabla ya kuja, na mwenye ugonjwa mwingine mzazi anijulishe." Nikalituma Mabatini na mstari wangu chini yake: "Mwanangu ale ashibe. Umeelewa?"

Akajibu, "Sawa dada." Hakuna kinyota, hakuna mwanetu. Nililala usingizi mtamu.

Jumatano ilikuwa siku ya gulio, duka limejaa. Simu ya mwalimu iliita nikiwa juu ya ngazi nashusha bomba la kupulizia. Alisema mtoto amemeza dawa, ametapika, tumbo linamnyonga, amelazwa kwenye benchi ofisini. Mhudumu wa afya yupo naye na si jambo la hatari, ila analia anataka nyumbani. "Uko wapi mzazi? Njoo umchukue."

Niko wapi! Niko Misungwi, juu ya ngazi.

Nilimwambia niko mbali, anisubiri, nikashuka sijui vipi. Nikampigia baba yake, ni fundi magari, akiingia chini ya gari simu inabaki kwenye koti. Ikaita hadi ikakata. Nikapiga tena na tena kwa karibu nusu saa, ikakata kila mara. Alikuwa amebaki mtu mmoja, na kwenye simu yangu sikuwa nimemwandika kwa jina. Nilikuwa nimemwandika "Yule". Nilisimama mlangoni namtazama Yule kwenye kioo, wateja wananiita, na naapa kuna sehemu yangu ilikuwa bado inatafuta mtu mwingine wa kumpigia. Jirani? Dada yangu wa Butimba? Ndipo nikafikiria mtoto amejikunja kwenye benchi, nikabonyeza.

"Nipo naye dada," akasema kabla sijamaliza kusalimia. "Tumeshafika nyumbani. Amekunywa uji kidogo, umebaki."

"Nani amekuambia?"

"Mwalimu alinipigia. Mtoto mwenyewe alimpa namba yangu. Ameitaja kwa kichwa."

Nilishusha pumzi, nikamshukuru Mungu, hilo ni kweli. Lakini shukrani haikuwa imekauka mdomoni wivu ukaingia, tena ule wa moto. Mwanangu anaumwa, anaulizwa namba, na iliyo kichwani mwake ni ya mwanamke mwingine. Nilifunga duka mchana kweupe siku ya gulio, nikaomba nafasi kwenye gari la mzigo lililokuwa linaenda mjini.

Nilimkuta binti yangu sebuleni, amelala kwenye mkeka, miguu yake juu ya mapaja ya yule mwanamke. Cherehani kando ilikuwa bado na nguo chini ya sindano.

"Karibu dada. Mhudumu amesema dawa ikikuta wadudu wengi tumbo huuma zaidi. Alikuwa ameshiba, nilimpikia ndizi na maharage." Kisha akanichomekea: "Likizo alioga ziwani, kwenye kichocho, eti?"

"Aliogelea. Mwanza hii nani hajaingia ziwani?"

"Mimi simruhusu."

Ningemjibu, na jibu lilikuwa tayari limenifika kooni, ila mtoto alifumbua macho akasema, "Mama umekuja." Nikakaa upande wa kichwa. Tukawa tumemgawana hivyo, yeye miguu, mimi kichwa. Alipokwenda jikoni kuchukua maji, nikainama.

"Mwanangu, namba yangu ya simu hujaijua?"

"Naijua."

"Haya, itaje."

Akaitaja yote. Hakuitaja tu, aliiimba, kwa tuni ya watoto wanapohesabu vidole, kutoka sifuri ya kwanza hadi mwisho, bila kukosea.

"Nani alikufundisha?"

Akaonyesha jikoni kwa midomo. "Mama mdogo. Tunaimba tukienda shule. Yako kwanza, halafu ya kwake, halafu ya baba."

"Sasa mbona hukumpa mwalimu hiyo yangu?"

"Anayo. Alisema umeshapigiwa, uko mbali. Akaniuliza nani yuko karibu."

Alisema bila ubaya wowote, kama anayejibu swali la darasani. Nikampapasa nywele ili nisimtazame usoni. Nilikuwa nimegombania sauti za mwalimu, picha na tangazo la dawa, ili visipite kwa mtu mwingine, kumbe hata mimi nilikuwa nikipitia kwa mtu mwingine. Asubuhi kwa asubuhi, kwenye njia ya Mabatini ambayo sikuwa nikiipita, yule mwanamke alikuwa ananisukumia kwa mwanangu, namba moja baada ya nyingine. Mimi mwenyewe nilikuwa na kishale. Na msinidhanie mema: nilimwonea wivu hata kwa hilo, hasa kwa hilo.

Nililala kwa dada yangu, na asubuhi nikapita shuleni. Nikamwambia mwalimu arudishe namba ya awali. Hakuniuliza kwa nini. Alifuta miwani, akabonyeza, akaniambia, "Msalimie mwenzio."

Ijumaa, duka likiwa tupu, simu ikalia. Kishale. Sauti ya mwalimu ikisema mtoto amerudi na nguvu zake, amekula uji wa shule na kuomba mwingine. Chini yake: "Mwanetu amepona kabisa. Umeelewa dada?"

Masikio yakapata moto kama kawaida yake. Nikausikiliza tena ule ujumbe, kisha nikaandika polepole, nikiangalia kila herufi, "Nimeelewa. Asante kwa kumlea mwanetu." Nikautuma kabla sijabadili mawazo.