Gari Lilivuta Kulia, Shemeji Akalaumu Mkono

Shemeji yangu Antoine ni mtu wa kushika usukani kwa mikono miwili. Kwa zaidi ya nusu ya maisha yake amewapeleka watu wa Bunia kanisani, hospitalini, arusini na kwenye vilio, na sijawahi kumsikia akipiga honi bila sababu. Amemuoa dada yangu mkubwa, Angèle, na kwa kuwa mimi ni shemeji yake, nina ruhusa ya kumcheka mbele ya watu. Ruhusa hiyo naitumia vizuri. Naye hunilipiza: husema kwamba mimi Bijou nikipanda gari, mdomo wangu unafika Aru kabla ya magurudumu.

Na ni kweli Aru tunakwenda pamoja. Mimi nauza vitenge sokoni, na nikiishiwa bidhaa ananipeleka hadi kule mpakani, Uganda ikiwa ng'ambo tu. Gari lake ni Toyota kuukuu lililoingia kwa njia hiyo hiyo. Usukani wake uko kulia kama magari yote ya Uganda, kwa sababu wenzetu wanaendesha upande wa kushoto wa barabara. Sisi tunaendesha kulia. Kwa hiyo dereva wetu anakaa karibu na mtaro, na abiria wa mbele ndiye anayechungulia kama kuna lori linakuja kabla ya kulipita gari jingine. Tumezoea. Kazi ya kuchungulia huwa yangu.

Mambo yaliharibika siku alipopata matairi mapya. Zamani magurudumu ya gari lile yalinyooshwa na Assani, fundi wa mtaani kwetu, kwa kamba. Assani anafunga kamba kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, anachuchumaa, anafumba jicho moja, analegeza hapa, anakaza pale, kisha anaendesha mpaka kanisani na kurudi. Antoine alipopata matairi yake huko Arua, upande wa Uganda, aliona aibu kuyapeleka kwenye kamba. Kule aliona gereji yenye mashine ya kunyoosha magurudumu, ina taa na kioo cha namba. Akaingiza gari. Aliporudi Bunia alijisifu mpaka tukachoka, kwamba sasa gari limepimwa na mashine, siyo na jicho la Assani. Assani alisikia, maana Bunia hakuna neno lisilofika gereji.

Halafu Antoine akaacha kujisifu. Mimi ndiye niliyeona kwanza, kwa sababu mimi ndiye ninayekaa mbele. Gari lilikuwa linaenda kulia. Siyo kwa fujo, hapana. Lilikuwa linajisogeza kidogo kidogo kuelekea mtaroni, yeye analirudisha, linajisogeza tena. Nikamuuliza kama amelewa. Hakucheka.

Alimpelekea Assani gari. Assani akapima upepo wa matairi, ukawa sawa. Akainua gari, akazungusha magurudumu yote kuona kama breki inabana upande mmoja, haibani. Akatikisa viungo vya usukani, havichezi. Akajifuta mikono.

"Papa Antoine, gari haina kitu," akasema. "Na kunyoosha, miye siwezi kugusa kazi ya mashine. Mashine iko na akili kunipita."

Hicho kilikuwa kinyongo, na kilimstahili Antoine. Lakini kwa kinyongo hicho Assani hakuliendesha gari mpaka kanisani na kurudi, na hapo ndipo tulipopotea.

Safari iliyofuata tulivuka hadi Arua, kwenye gereji ile ile. Fundi akalirudisha gari kwenye mashine, namba zote zikawa nzuri. Ili kumtoa mteja wasiwasi, akakaa mwenyewe kwenye usukani, Antoine pembeni yake, mimi nyuma, tukaingia barabara kubwa. Kwenye mahali paliponyooka yule fundi akaachia usukani kabisa, akaweka mikono magotini. Gari likaenda mbele moja kwa moja kama mtu anayejua anakokwenda. Fundi akageuka kututazama, anatabasamu. Nilimwona shemeji yangu anakunja uso, nikashangaa, maana mtu akiambiwa gari lake ni zima hufurahi.

Wakati wa kurudi aliendesha yeye. Upande wa Uganda alienda vizuri, mpaka akaanza kuimba wimbo wa kwaya. Tukavuka kizuizi cha mpakani, tukahamia upande wetu wa kulia, na haukupita muda akanyamaza, mabega yakapanda.

"Shemeki," akaniambia, "unaona? Kule Uganda mukono iko muzuri. Tukivuka barrière, inaanza kuwa muzito."

"Mukono gani?"

"Ya kuume." Akaugusa usukani kwa kidole. "Inavuta volant yenyewe. Kama ya yaya Blanchard."

Hapo nilielewa, na utani wote ukaniishia mdomoni.

Blanchard ni kaka yake mkubwa. Ndiye aliyemfundisha kuendesha, na yeye mwenyewe aliendesha malori barabara hiyo hiyo ya Aru miaka mingi. Ugonjwa wake ulianzia kwenye usukani. Alilalamika kwamba mkono wa kuume umekuwa mzito, watu wakamwambia apumzike, na siku chache baadaye akaanguka uani kwake. Tangu hapo nusu ya mwili imelala. Anakaa kwenye kiti mlangoni, maneno yanatoka mojamoja. Antoine alikuwa akimtembelea kila Jumapili baada ya misa, anamnyoa ndevu, wanasikiliza redio. Ndipo nikakumbuka kwamba kwa muda sasa Jumapili zilikuwa zinapita na Antoine anasema ana kazi.

"Twende ku hopitali wakupime tension," nikamwambia, maana presha ya damu ndiyo niliyoiogopa.

"Hapana. Wakinipima, itakuwa kweli. Na usiambie mama Gracieuse."

Mama Gracieuse ndiye dada yangu. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu ni kazi kubwa, waulizeni watu wa sokoni. Nyumbani nilimwona anavyojipima kwa siri. Asubuhi alijaza mabidoni mawili ya maji sawasawa, akayabeba kila mkono na lake, kutoka bombani hadi jikoni, kusikia kama la kuume limemshinda. Alifunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Dada yangu, ambaye hakujua kitu, alifurahi kupata mume wa kuchota maji, akawaambia majirani wote.

Mwishowe Antoine aliamua. Alisema kwake nyumbani kwamba amechoka na barabara, na kwamba Jumatatu Xavier, dereva mwenzake, atakuja kuchukua funguo.

"Baba Gracieuse, juu ya nini unamupatia Xavier gari?" Angèle akauliza. "Weye umekuwa muzee sasa?"

"Nimechoka tu."

"Mutu hachokake na kitu anapenda," akasema dada yangu, akaingia ndani. Mimi nilijua sababu. Aliogopa mkono ungemwangusha siku gari limejaa watoto wa shule au bibi arusi na wazazi wake. Mtu mwingine angeendelea tu mpaka ajali imkute. Kwa hilo nilimheshimu, na nilimwonea huruma mpaka usiku nikakosa usingizi.

Jumamosi aliliosha gari mwenyewe, ndani na nje, akafuta mpaka chini ya viti. Ilikuwa safari yake ya mwisho: kutupeleka mimi na Angèle njia ya uwanja wa ndege, kuchukua mizigo yangu ya vitenge iliyofika kwa lori. Angèle alinuna, akakaa nyuma. Nikakaa mbele, mahali pangu.

Njia ile ilikuwa inatengenezwa. Upande wetu wote wa kulia walikuwa wamemwaga mawe, na kijana mwenye bendera alikuwa anasimamisha magari ya mbele ili sisi tupite kwa upande wa kushoto, zamu kwa zamu. Kipande chenyewe kilikuwa kirefu. Tukapewa njia, tukaingia kushoto, pikipiki zikitupita kila upande.

Katikati ya kipande hicho nilimsikia Antoine anavuta pumzi. Nikamtazama. Alikuwa ameshika usukani kwa vidole tu. Kisha akaviondoa vidole, akaviacha vinaelea juu ya usukani. Gari lilienda mbele moja kwa moja. Tulipotoka kwenye mawe na kurudi upande wetu, likaanza tena kujisogeza mtaroni. Antoine akapunguza mwendo, akageuza gari, akarudi tulikotoka ili aingie upya.

"Mizigo iko mbele," Angèle akasema kutoka nyuma.

Kijana wa bendera alituona tena, akatikisa kichwa, akatupa njia. Kushoto tena, vidole juu tena, gari limenyooka tena. Mwisho wa mawe akasimama kando, akazima moto wa injini.

"Shemeki, ku Arua watu wanapita upande gani?"

"Kushoto. Weye mwenyewe unajua."

"Na siye hapa, sasa hivi?"

"Kushoto. Kuume mawe imefunga njia."

Alikaa anatazama barabara mbele yake. Barabara ina mgongo: katikati imeinuka, pande zote mbili zimeshuka kama paa la nyumba, ili maji ya mvua yaende mitaroni. Jambo hilo kila dereva analijua, na Antoine alilijua kabla mimi sijaota meno. Gari likiwa kushoto mteremko unalivuta kushoto, likiwa kulia unalivuta kulia. Ile mashine ya Arua ilikuwa imeyaweka magurudumu yaegemee kulia kidogo, yapigane na mteremko wa barabara ya kwao. Kwao yakapigana vizuri. Kwetu magurudumu na mteremko vikawa vinavuta pamoja upande mmoja. Na Assani, kwa kamba yake na safari yake ya mpaka kanisani, miaka yote alikuwa anayaweka kinyume, kwa ajili ya barabara ya Bunia, wala hakuona kama ni jambo la kutangaza.

"Haiko mukono," Antoine akasema. Akaweka paji la uso juu ya usukani, honi ikalia, na hakuinua kichwa. Ililia mpaka kijana wa bendera akatugeukia. Nikamvuta bega, nikaona analia, nami machozi yakanitoka, nikayafuta kwa kitenge changu.

"Mukono gani?" Angèle akauliza.

Basi ikabidi aambiwe yote. Alisikiliza mpaka hadithi ilipofika kwenye maji ya asubuhi.

"Kumbe ile mabidoni ilikuwa ya kujipima?" akasema. "Na miye nilikusifu kwa watu." Akanyoosha mkono kutoka nyuma, akampiga mumewe kofi kali kwenye mkono wa kuume. "Unasikia?"

"Nasikia."

"Muzuri. Jumatatu unakwenda kupima tension vilevile." Kisha akauweka mkono wake begani kwa mumewe, na hakuutoa mpaka tulipofika kwenye mizigo.

Xavier alipigiwa simu, akaambiwa asije. Akasema alijua Antoine hawezi kuliacha gari. Assani naye alipigiwa, akaombwa msamaha kwa kirefu, akajibu kwamba Jumatatu kamba itakuwa tayari. Nilidhani sasa tunakwenda nyumbani. Antoine akapita njia ya nyumbani bila kukata kona, nikaona tunaelekea kwa Blanchard.

Alikuwa mlangoni kwenye kiti chake, ndevu zimemjaa. Alitutazama tunashuka mmoja mmoja, kisha akamtazama mdogo wake.

"Leki," akasema, neno likachukua muda kutoka. "Ulikuwa wapi?"

Antoine akavuta kigoda, akakaa karibu na magoti yake, akamwambia kila kitu bila kujificha: matairi, mashine, mkono, maji ya asubuhi, na kwamba aliogopa kuja kwa sababu akimtazama yeye alikuwa anajiona mwenyewe. Blanchard alisikiliza bila kutikisika. Kisha upande mmoja wa mdomo wake ukaanza kucheka, na tumbo likafuata.

"Ungekuya," akasema, "ningekuambia. Lori yangu... niliipeleka kule kule. Ikavuta... vilevile."

Antoine alichukua ule mkono wa kuume wa kaka yake, uliolala pajani, akauweka kati ya mikono yake, akakaa nao.

"Nipeleke," Blanchard akasema, na kwa kidevu akaonyesha gari.

Tulimbeba sisi watatu, tukamkalisha mbele, mahali pangu, nami nikaenda nyuma kubanana na Angèle na vitenge. Barabara ya pale ilikuwa na magari machache. Antoine akaondoka polepole.

"Acha volant."

Antoine akaachia. Gari likajisogeza kulia, taratibu, kuelekea mtaroni. Blanchard aliutazama usukani unavyogeuka wenyewe.

"Ni gari," akasema.

"Ni gari, yaya," Antoine akajibu, akaushika kwa mikono miwili.

Mbele yetu mkokoteni wenye magunia ya mkaa ulikuwa umeziba njia, na kutoka kwenye kiti chake Antoine hakuweza kuona kinachokuja. Mimi nikafungua mdomo ili nimwambie. Lakini Blanchard alikuwa ameshashika mlango kwa ule mkono wake mzima, ameinama dirishani, anachungulia.

"Hakuna kitu," akasema. "Pita."

Antoine akapita.