Feni ya Mama Mkwe

Soketi alikuwa fundi wa mitandao, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mafundi wenzake siku aliyoingiza bisibisi kwenye soketi ya umeme ili kuwaonyesha kwamba fundi wa umeme alikuwa ameshazima swichi kuu. Fundi wa umeme hakuwa amezima. Soketi alirushwa mpaka kwenye ndoo ya rangi, akatoka humo akiwa mweupe upande mmoja na mwenye jina jipya. Tangu hapo akashikamana na waya mwembamba wa mtandao, ule wenye nyuzi za rangi rangi ndani yake. Akiulizwa kwa nini, alijibu kwamba waya huo hauna makuu.

Alikuwa mrefu, mwenye shingo iliyozoea kutazama juu. Akiingia nyumba ya mtu hatazami picha ukutani wala televisheni. Anatazama dari, anatafuta waya utapita wapi. Siku alipokwenda kujitambulisha kwa mama wa mchumba wake, aliitazama dari ya sebuleni muda mrefu, midomo ikimcheza kwa hesabu za mita. Mama wa watu akadhani kijana anasali. Akamkubali palepale, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kumwambia ukweli.

Huyo mama mkwe alikuwa mjane, na alikuwa na nyumba ya wageni: korido moja ndefu yenye vyumba huku na huku, meza ya mapokezi yenye kioo juu, na stoo ya mashuka iliyonukia sabuni. Aliiendesha nyumba hiyo kwa sauti yake. Mgeni akitaka maji ya moto anapiga kelele chumbani, mama mkwe anamjibu kwa kelele kutoka mapokezi, na korido nzima inajua nani anaoga. Mwisho alichoka. Akataka simu kila chumba, kamera koridoni, na mlango wa mbele unaofunguka kwa kubonyeza kitufe, maana magoti yalikuwa yameanza kumsumbua.

Akamwita fundi wa umeme. Fundi akazunguka, akagonga gonga kuta, akasema soketi hazitoshi, itabidi kuta zipasuliwe.

"Kuta zangu nimezipaka rangi juzi," mama mkwe alisema. "Nitakupasua wewe kwanza."

Ndipo akaitwa mkwe. Soketi akaja na roli la waya begani, akatazama dari, akatabasamu.

"Shikamoo, Mama. Hakuna haja ya kupasua chochote. Waya huu wa mtandao utabeba na umeme humo humo."

"Marahaba. Huu?"

"Huo huo."

"Huu mwembamba kama kamba ya viatu? Ubebe picha, ubebe sauti, na umeme juu yake?"

"Vyote kwa pamoja."

Mama mkwe aliugeuza ule waya mkononi. "Mwanangu, hata mimi nilipokuwa na mimba ya mkeo sikubeba vyote hivyo."

Soketi akamwonyesha sanduku la chuma lenye matundu mengi mbele, ambalo mafundi huliita swichi ingawa haliwashi taa wala halizimi. Akamweleza kwamba sanduku ndilo linachomekwa ukutani, lenyewe peke yake, halafu kutoka hapo waya zinakwenda kila mahali.

"Na huu umeme una adabu," alisema. "Sanduku linakiuliza kifaa kwanza: wewe unatumia umeme? Unataka kiasi gani? Kikijibu, kinapewa. Kisipojibu, hakipewi kitu."

"Na nikigusa mimi?"

"Litakuuliza, hutajibu, litakuacha."

"Nani kakwambia sitajibu?"

Kazi ikafanyika. Sanduku likakaa kwenye stoo ya mashuka, waya zikapita darini kimya kimya, na kuta zikabaki na rangi yake. Siku chache baadaye Soketi akapita kukagua, akakuta kila tundu la ukutani lisilotumika limezibwa kwa pamba.

"Mama, hii pamba ya nini?"

"Usivuje. Mgeni akitoka kuoga akikanyaga umeme, utamzika wewe?"

Alimweleza upya habari za kuuliza na kujibu. Mama mkwe akasikiliza kwa heshima, akaacha pamba ilipo. Kilichomgeuza hakikuwa maelezo. Siku moja yeye mwenyewe alichomeka simu ya mezani kwenye tundu, waya mmoja tu, bila kitu kingine, na kioo cha simu kikawaka taa ya kijani usoni pake. Alichomoa, akachomeka tena. Akachomoa. Kuanzia hapo hakuna mgeni aliyepewa ufunguo wa chumba kabla ya kuonyeshwa muujiza ule.

Mkaazi wa kudumu pale alikuwa mfanyabiashara mmoja mnene, mpole, aliyeuza magodoro na aliyejulikana kama Bwana Magodoro. Huyo alionyeshwa kila asubuhi, na kila asubuhi alisema, "Kweli, dunia imekwenda," kisha akaomba chai.

Baada ya kuamini, mama mkwe akaanza kutaka. Pasi je, inaweza kutumia waya huu? Haiwezi, Mama. Birika? Pasi na birika, Soketi alisema, zinakula umeme kama harusi nzima. Huu waya ni wa walaji wadogo. Kisha, kwa kuwa alikuwa mkwe mwema na hakujua anachokifanya, akamletea zawadi: feni ndogo ya mezani na kidude cha kugawa waya, upande mmoja mtandao, upande wa pili umeme. Akaifunga chumbani kwake. Mama mkwe akakaa mbele ya feni, kitenge kikipepea, akasema ana mkwe ambaye wenzake hawana.

Ulikuwa mwanzo wa balaa. Mama mkwe alichukua anwani ya duka kutoka kwenye boksi la feni, akaenda mwenyewe, akarudi na vidude vingine vya kugawa. Akavuta waya kutoka vyumba visivyo na wageni, akazipitisha chini ya zulia. Akaweka redio, taa ya kuzunguka kioo, na kifaa cha kukanda miguu, kama beseni mbili zenye meno laini ndani, unatumbukiza miguu nacho kinakung'ata kwa upole. Hakumwambia mkwe wake. Alitaka kumshangaza.

Akamshangaza kweli. Jua lilipokaza, feni ikaanza kuzima kila mchana. Soketi akaitwa. Alifungua kompyuta yake juu ya rundo la mashuka, akatazama, akajikuna.

"Sanduku limeelemewa, Mama. Lina kiasi chake. Kikizidi linakata walio chini ili walio juu waendelee."

"Walio chini ni akina nani?"

"Hiyo nilipanga mwenyewe," Soketi alisema kwa fahari, macho yakiwa kwenye kompyuta. "Mlango nimeuweka juu kabisa. Zinafuata kamera. Halafu simu za wageni. Halafu..."

Aliusikia mdomo wake, lakini ulikuwa umeshafika mbali.

"Halafu nani, mkwe?"

Mama mkwe akiwa amefurahi alimwita mwanangu. Mkwe ilikuwa dalili mbaya.

"Halafu... laini ya chumbani kwako, Mama."

Mama mkwe alikaa juu ya mashuka. "Yaani mlango unanizidi."

"Si kwamba unakuzidi, Mama, ni utaratibu tu wa..."

"Simu ya Bwana Magodoro inanizidi. Simu ambayo hata haipigi, anaazima ya kwangu."

Habari zilifika nyumbani kabla ya Soketi. Mkewe alimngoja mlangoni, mikono kiunoni.

"Umemwambia mama yangu ni wa mwisho?"

"Nilisema laini. Laini ndiyo ya mwisho."

"Laini ya nani?"

"Lakini ni feni, mke wangu!"

"Feni ya nani?"

Soketi aliona kwamba kila njia inarudi palepale, akaingia ndani. Kesho yake mjomba wa mkewe, kaka yake mama mkwe, akaja kusuluhisha. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa utaratibu, asiyeweza kupita kiti kilichokaa upande bila kukinyoosha. Aliwaketisha mapokezini, akasikiliza pande zote mbili, akaomba apelekwe kwenye stoo alione sanduku lenyewe. Alilitazama kwa ukali, kama anayemtazama mtoto aliyechelewa shule.

"Lina upendeleo hili?" aliuliza.

"Halina, Mjomba. Linafuata nilivyoliagiza."

"Basi upendeleo ni wako. Mweke dada yangu juu."

"Nikimweka juu, kitu kingine kitakatwa."

"Kikatwe!" alisema mama mkwe.

Soketi alikuwa amechoka, amenuna, na alitaka kwenda zake. Kwa hiyo hakupanga upya. Alibadilishana tu: vifaa vyote vya Mama akavipandisha pale mlango ulipokuwa, na mlango akaushusha pale Mama alipokuwa. Akafunga kompyuta. Mama mkwe akarudi kwenye feni yake, na suluhu ikafungwa kwa chakula.

Mchana ulikuwa wa moto. Mlango wa mbele ulikuwa umeachwa wazi, umezuiwa na stuli ili hewa iingie. Mama mkwe, baada ya kula, alipumzika chumbani, feni mpaka mwisho, redio inaimba, miguu imo ndani ya kifaa. Mjomba alipoaga, ilibidi asindikizwe. Mama mkwe akachomoa miguu, akaacha kila kitu kinaunguruma, akatoka pekupeku. Soketi na mkewe wakafuata. Mjomba akawa wa mwisho kutoka. Aliona stuli imekaa njiani bila mpango, akaivuta nje, akainyoosha vizuri kando ya ukuta.

"Mlango wa biashara hauachwi wazi," alisema, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Soketi alibonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza kengele. Kimya. Akaikodolea macho kamera ndogo ya juu ya mlango, iliyokuwa laini moja na mlango wenyewe. Hata kale kataa kake kekundu kalikuwa kamekufa. Dirisha la chumba cha mama mkwe lilikuwa limefunguliwa kidogo nyuma ya nondo, na kutoka humo walisikia feni ikipuliza chumba kitupu, na redio ikitangaza hali ya hewa.

"Fungua," alisema mama mkwe.

"Haufunguki, Mama. Umekatwa."

"Umekatwa na nani?"

Mjomba alitazama viatu vyake.

"Ufunguo wa akiba?"

"Uko kwenye droo ya mapokezi," mama mkwe alisema polepole. Saruji ilikuwa ya moto, akaanza kupokezana miguu.

Ndani kulikuwa na mtu mmoja tu, Bwana Magodoro, naye alikuwa anaoga. Walizunguka mpaka dirisha la bafu, wakapaza sauti.

"Bwana Magodoro!"

"Maji ya moto yapo, asante!" alijibu kwa ndani.

Ilichukua muda kumwelewesha. Alipotokea kwenye dirisha la korido alikuwa na taulo kiunoni na povu masikioni. Akabonyeza kitufe cha ndani cha mlango. Nacho kilikuwa kimekufa, kwa kuwa kilitegemea umeme ule ule, jambo ambalo Soketi aliliona sasa kwa mara ya kwanza na hakulisema. Droo nayo ilikuwa imefungwa, na ufunguo wake ulikuwa kwenye kitenge alichovaa mama mkwe, na nondo zilikuwa na wavu wa mbu usiopitisha hata sindano.

"Kuna njia moja," Soketi alisema. "Azime feni ya Mama. Sanduku likipata nafuu, litaurudishia mlango."

"Aingie chumbani kwangu?" Mama mkwe aliruka. "Na taulo?"

"Dada, utaungua nyayo," alisema Mjomba.

Mama mkwe alipokezana miguu mara kadhaa zaidi. "Haya. Lakini afumbe macho."

Bwana Magodoro alikuwa mtu wa kutii. Alifumba macho tangu koridoni. Walimsikia akipapasa ukuta, akigonga kabati, akisema samahani kwa kabati. Wakakimbilia dirisha la chumba.

"Kushoto! Kushoto kwako!" alipiga kelele Soketi.

Kushoto palikuwa na kile kifaa cha kukanda miguu. Mguu wa Bwana Magodoro, wenye maji na sabuni, ulitumbukia ndani, nacho kifaa kikaukaribisha kama kilivyozoea.

"Nimekamatwa!" alilia. "Mama mwenye nyumba, nimekamatwa!"

Alivuta mguu, kifaa kikaja na mguu. Akashika cha karibu ili asianguke, na cha karibu kilikuwa waya. Redio ikanyamaza katikati ya mvua za rasharasha, taa ya kioo ikazima, feni ikazunguka kwa uchovu mpaka ikasimama. Kilifuata kishindo kizito, kama godoro likishushwa kutoka kwenye lori. Soketi akakimbilia kitufe cha mlango, akakibonyeza bila kuchoka. Baada ya kitambo, mlango wa mbele ukasema "kt", taratibu.

Waliingia mbio, mama mkwe mbele. Bwana Magodoro alikuwa ameketi sakafuni, taulo ameishika kwa mikono miwili, mguu umo kwenye beseni, waya zimemzunguka mabegani, na macho bado ameyafumba kwa nguvu.

"Nifumbue?" aliuliza.

Mama mkwe alitaka kusema kitu cha heshima. Badala yake akashikwa na kicheko, akakaa kitandani, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Mkewe Soketi akafuata, halafu Mjomba, ambaye wengi hawakujua kwamba anacheka. Soketi alisubiri aone kama anaruhusiwa.

"Mwanangu," mama mkwe alisema alipopata pumzi, "mlango uwe juu."

"Na wewe, Mama?"

"Mimi nitafutie sanduku langu peke yangu. Lisilo na mtu juu wala chini."

Soketi alilifunga wiki iliyofuata, dogo, nyuma ya kabati lake, na kwenye mlango wa mbele akaweka kitasa cha mkono kwa ndani, kile ambacho angepaswa kukiweka tangu mwanzo. Bwana Magodoro aliendelea kukaa pale. Mguu wake ulipona siku ileile, ila alikiri kwamba, hofu ilipokwisha, ulikuwa umesikia raha. Sasa kila Jumapili mchana kifaa cha miguu na feni vinaletwa mapokezini, naye hukaa juu ya ile stuli aliyoinyoosha Mjomba, miguu ndani, anakunywa chai na mama mkwe, wakibishana kwa upole kama feni iwekwe namba mbili au namba tatu.