Israeli na Buti Namba Arobaini na Mbili

Kila Jumamosi asubuhi, jua likishakausha umande, Israeli Mwakibinga alitoa nje makoti yake manne ya ngozi na jozi saba za buti, akavianika vyote uani kwake, Mwaya. Makoti aliyatundika kwenye kamba, katikati ya kanga za mkewe. Buti alizipanga kwenye mkeka, ndimi zikiwa nje. Mgeni aliyepita alidhani kuna kikosi cha askari kimehamia. Mara moja mama mmoja mzee kutoka Karonga, aliyekuja kumtembelea bintiye hapo jirani, alisimama kwenye mkeka ule na kuuliza kwa heshima kama wanaume wengine wamekwenda kuoga ziwani.

"Wanaume wote ni mimi, mama," Israeli alimjibu.

Alianika kwa sababu ya ukungu. Ngozi ukiifungia kabatini wiki mbili katika unyevu wa Kyela, huota ndevu za kijani. Israeli alilijua hilo, kama alivyojua kwamba huku mtu hutoka jasho akiwa amekaa kivulini. Alikuwa na miaka hamsini na moja, mpimaji wa kakao kwenye chama cha ushirika, mtu mnene kidogo mwenye miguu mipana, na hakuna aliyemcheka kumzidi alivyojicheka mwenyewe. "Mungu amenipa moyo wa mtu wa baridi," alikuwa akisema, "halafu akasahau kunipeleka kwenye baridi." Mara mbili tatu kwa mwaka alipanda gari hadi Tukuyu, kwenye baridi ya milimani, bila shughuli yoyote. Alivaa koti, akazunguka sokoni kwenye manyunyu, akanywa chai, akarudi. Kazini wakimuuliza alikuwa wapi, alisema alikwenda kulitembeza koti.

Ugonjwa huo aliupata kwa mjomba wake Anyisile, aliyefanya kazi migodini Zambia na kurudi na jozi moja ya buti nyeusi. Mjomba alilimia mpunga nazo, alizikia watu nazo, alioa mke wa pili nazo. Miaka ishirini na mbili zilibadilishwa soli tu. Mtoto Israeli alizipiga brashi kila Jumapili, na tangu wakati huo kiatu cha plastiki kilimtia huzuni.

Wa kumpatia dawa ya ugonjwa huo alikuwa Felista, muuza mitumba wa Mbugani, mjini Kyela. Felista akifungua bero la viatu, alimpigia simu. Israeli alinusa ngozi, akaikunja, akatazama kama mikunjo inarudi. Alipitisha kucha kwenye mshono uliozunguka soli, maana buti iliyogundishwa tu hakuitaka hata ya bure. Siku moja ya Februari akaokota jozi ya rangi ya kahawia, ngozi nene kama ulimi wa ng'ombe, mshono mara mbili, matundu ya kamba yamezungushiwa shaba. Akaigeuza tena na tena. Felista alijua maana yake.

"Baba, hizo ni arobaini na mbili," akasema. "Mguu wako ni arobaini na nne."

"Ngozi hutanuka, Felista."

"Na zimebana ubavuni. Tazama zilivyo nyembamba."

"Ni mtindo wa zamani. Watu wa zamani walikuwa wembamba."

"Basi zisubiri mtu wa zamani."

Akazinunua.

Wiki mbili alizivaa ndani ya nyumba, robo saa asubuhi, robo saa jioni, akitembea kati ya meza na mlango huku amejishika kiunoni. Vidole vidogo vilitoa malengelenge, malengelenge yakapasuka, yakaota mengine. Mkewe Tusekile alimtazama kama anavyomtazama kuku anayeatamia gunzi.

"Baba Tumaini, hicho kiatu kinakuambia kitu."

"Kinanizoea."

"Kinakukataa."

Ndipo akaona kwenye simu mtu mmoja akionyesha namna ya kutanua buti: unajaza nafaka kavu, unamwagia maji, nafaka inavimba, ngozi inasukumwa pole pole. Yule wa kwenye simu alitumia nafaka asiyoijua. Israeli akaona pale Kyela hakuna haja ya kuhangaika. Alichota mpunga kwenye gunia lililokuwa nyuma ya mlango wa stoo, akazijaza buti hadi shingoni, akamwagia maji, akazifunga kamba vizuri na kuziweka kwenye kona ya joto. Kesho yake chama kikamtuma vijijini kukagua kakao. Alikaa huko siku sita na hakuzikumbuka.

Aliporudi alimkuta Tusekile ameketi barazani, na buti ziko mbele yake mezani kama wageni. Kila buti ilikuwa imeota miche mizuri ya mpunga, ya kijani, urefu wa kidole, imechungulia nje kwa usawa kabisa. Majirani watatu walikuwa wamekaa pembeni.

"Mugonile," Israeli alisalimia.

Waliitikia kwa adabu. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomtisha.

"Ule ulikuwa mpunga wa mbegu," Tusekile alisema. "Nilikuwa najiuliza gunia limepungua kwa nini. Sasa nataka kujua, tutapandikiza lini?"

Israeli aliitazama ile miche. "Naona umeshika vizuri," akasema, na hapo baraza zima likaangua kicheko, naye akacheka hadi akaketi chini. Ilibidi miche ing'olewe kwa kisu, na harufu ya uchachu iliondoka baada ya majuma matatu ya jua na mafuta. Lakini buti zilikuwa zimetanuka kiasi. Mguu uliingia. Kutoka ndiyo ilikuwa shughuli nyingine.

Jumamosi ya pili baada ya Pasaka kulikuwa na harusi ya Doreen, binti wa marehemu mdogo wake. Doreen aliolewa Matema, na baba hakuwepo wa kumwingiza kanisani, kwa hiyo kazi hiyo ilimwangukia Israeli, baba mkubwa. Alipokea kazi hiyo kwa moyo mzito, na pia, hakujificha, kwa furaha ya mtu aliyepata mahali pa kuvaa. Alivaa koti lake zuri kuliko yote, la ngozi nyeusi lenye bitana ya manyoya, mwezi wa nne, Kyela. Alizifunga buti za kahawia saa kumi na mbili asubuhi.

"Utaiva," Tusekile alisema.

"Picha zitabaki."

Bibi harusi na mashangazi walikuwa wametangulia tangu juzi. Mvua ikanyesha usiku kucha, na kirikuu, kigari cha mizigo kilichowabeba akina Israeli, ilipofika mtoni, barabara haikuwepo tena. Maji ya matope yalipita juu yake, yakimfika mtu mapajani. Ng'ambo walisimama watu wa upande wa bwana harusi waliokuja kuwapokea, na mbele yao Amon, mjomba wa bwana harusi, muuza samaki mwenye mabega mapana. Amon alivuka hadi upande wao, akawasalimu.

"Si pabaya sana, wakwe. Mvue viatu, mnishike mkono. Tukishavuka ni mwendo wa saa moja tu."

Watu wakavua viatu. Tusekile akafunga kanga yake juu, akavuka wa kwanza. Israeli alikaa nyuma ya kirikuu, akavuta buti ya kulia. Haikusogea. Akavuta ya kushoto. Miguu ilikuwa imevimba kwa joto. Dereva akavuta, kisha dereva na shemeji wa Israeli wakavuta pamoja, wakamburura mpaka akaanguka kwenye bodi kwa makalio, buti zikiwa palepale.

"Ingia nazo, mkwe," Amon alisema.

"Nimezipaka mafuta majuma matatu," Israeli alijibu. Alijisikia akisema hivyo, sauti yake nyembamba, mbele ya wakwe, na alijua ni upumbavu. Lakini hakuweza kuziingiza majini.

Amon alimtazama, akatazama saa, akageuka na kuinama. "Panda."

Na Israeli Mwakibinga, kilo tisini na tatu bila koti, akapanda mgongoni mwa mkwe. Watu wa ng'ambo walisogea ukingoni. Alivukishwa akiwa ameinua miguu mbele kama mtoto anayeogopa mbwa, akiangalia mbinguni, akiomba tu kwamba asiwepo wa kupiga picha. Wapo waliopiga. Katikati ya mto Amon alikanyaga shimo. Alisema neno moja tu la Kikisi, lugha ya kwao, na wote wawili wakazama.

Israeli alisimama akitema matope. Koti lilikuwa limekunywa maji, zito kama gunia la kakao mbichi. Buti zilikuwa zimejaa. Alipofika ukingoni Tusekile alimpa kitambaa cha kujifuta uso.

"Sasa zimelowa," akamwambia taratibu. "Tunaweza kwenda harusini."

Saa nzima alitembea, buti zikilia kwaa, kwaa, Amon akiwa kando yake naye amelowa vilevile. Israeli alimwomba radhi mara tatu. Mara ya nne Amon akasema, "Mkwe, mimi hubeba samaki kila siku. Leo nimebeba mmoja mkubwa," na baada ya hapo mazungumzo yakawa mepesi.

Doreen alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa, shela limeshushwa. Alimtazama baba yake mkubwa kuanzia kichwani.

"Baba, umebatizwa tena?"

"Nilikuwa na haraka ya kuja kwako, mwanangu."

Doreen alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akaushika ule mkono wa koti uliokuwa unadondosha maji, akaung'ang'ania. Waliingia. Kila kwaya ilipovuta pumzi kati ya ubeti na ubeti, kanisa zima lilisikia kwaa. Watu waliinama, mabega yakitikisika. Israeli hakujali tena. Binti alikuwa ameukaza mkono wake, naye alitembea pole pole ili atulie, na alipoulegeza walikuwa wamefika mbele. Alipokwenda kuketi ndipo alipogundua kwamba miguu haimuumi.

Haikumuuma hata kwenye ngoma. Jioni alizivua buti peke yake, bila kuvutwa na mtu, ngozi ikiwa imejikunja kufuata kila kifundo cha mguu wake. Kazi iliyoshinda miezi miwili na mpunga wa mbegu, mto ulikuwa umeimaliza kwa asubuhi moja.

Wiki iliyofuata alizipeleka kwa Jubilate, fundi viatu wa Mbugani, kwa sababu mshono mmoja ulikuwa umelegea. Jubilate alizigeuza, akapima kisigino kwa kidole, akasoma maandishi yaliyofifia ndani ya ulimi.

"Nzuri sana hizi. Ni za mama?"

"Mama yupi?"

"Si buti za kike hizi? Tazama ubavu ulivyo, na kisigino. Sijui mama alizitanua namna gani hivi."

Israeli alipitisha kucha ubavuni mwa buti. Alikumbuka kila lengelenge, kila mtu aliyemwambia, na watu wa zamani waliokuwa wembamba.

"Ana mguu mpana," akasema. "Ndaga fijo, asante sana, fundi. Nitazipitia Ijumaa."

Siku ya Ijumaa alizikuta zimeshonwa, zimeng'arishwa, na chini ya kila soli Jubilate ameandika kwa chaki, kama alivyowaandikia wateja wake wote: MAMA TUMAINI. Israeli alivua ndala, akazivaa palepale kibandani, akafunga kamba, akamlipa fundi. Tangu Mbugani hadi stendi alitembea upande wa barabara wenye mchanga mwingi, akiburuza miguu kidogo ili chaki ifutike, akitunga namna atakavyolisimulia jambo hili nyumbani kabla Jubilate hajakutana na Tusekile sokoni.