Sahihi Yangu kwenye Hati ya Majembe

Sahihi yangu naijua. Ina mkia mrefu ambao mwalimu wa kidato cha pili aliukemea, nami nikaubakiza kwa ukaidi. Kwa hiyo karani wa ofisi ya wilaya alipofungua faili na kunigeuzia ile karatasi, sikuwa na la kukana. Juu palikuwa pamepigwa chapa: "Majembe yamepokelewa yakiwa katika hali nzuri na wananchi wameridhika nayo." Chini yake, mkia wangu.

Nilikuwa nimetembea tangu alfajiri, mtoto mgongoni, jembe lililopinda mkononi, kuja kuwaambia kwamba hatukuridhika.

Nimezaliwa ziwani, nimeolewa huku milimani. Kwetu tunalima muhogo kwenye mchanga, na jembe la kwetu ni jepesi, bapa lake jembamba, unalitupa na linaingia lenyewe. Huku ni mambo mengine. Huku tunalima ngolo. Masika yakielekea mwisho, wanaume wanafyeka majani marefu kwa nyengo, yakikauka wanayalaza kwa mistari inayokatizana, mlima mzima unakuwa na vyumba vyumba kama kitambaa cha drafti. Hapo kazi ya mwanamume imekwisha, anaweka nyengo begani anakwenda zake. Mwanamke ndiye anayeingia katikati ya kila chumba, anachimba, anatupa udongo juu ya majani mpaka yafunikwe, na pale alipochimba panabaki shimo la kushika maji. Maharage tunapanda juu ya matuta. Udongo ni mzito, umeshikwa na mizizi, na mlima wenyewe unakusukuma urudi bondeni. Jembe la kazi hiyo lazima liwe pana na zito. Hilo analijua kila mwanamke wa huku. Mwanamume hana sababu ya kulijua, maana hajawahi kulishika.

Sasa sikilizeni namna majembe ya serikali yalivyonunuliwa. Nilisimuliwa na bwana shamba, ambaye alikuwapo na aliona aibu, ingawa si ya kutosha.

Tangazo la zabuni lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi kule mjini. Vijijini hatukuliona. Liliomba "majembe ya mkono ya kawaida." Ya kawaida kwa nani, halikusema. Wafanyabiashara watatu walileta bahasha, kila mmoja na jembe moja la sampuli. Kamati ikaketi. Nusu yake walikuwa maofisa waliohamishiwa kwetu kutoka mikoa mingine, watu wa kwenye tambarare, wengine kwao wanalima kwa ng'ombe. Nusu nyingine walikuwa wanaume wa humu humu milimani. Majembe yakapitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja akipima uzito na kugonga kwa ukucha. Ofisa mmoja akatoka na moja nje, akachimba kidogo kwenye bustani ya maua, akarudi akasema linaingia vizuri. Wakapitisha.

Wale wageni nawasamehe nusu. Hasira yangu ni kwa wale wa hapa hapa. Wamekula maharage ya ngolo tangu walipoachishwa ziwa, mama zao wamepinda migongo kwenye ngolo, na siku walipoulizwa jembe lipi, hakuna aliyesema, "Subirini nikamuulize mke wangu." Kila mmoja aligonga kwa ukucha kama fundi.

Tena hakuna aliyeiba. Kama kungekuwa na mwizi ningelala vizuri zaidi.

Lori lilifika kijijini kwetu wakati majani yameshalazwa. Mimi ndiye niliyekuwa mtunza ghala la kijiji, cheo nilichopewa kwa sababu nimefika kidato cha nne na wengine hawakutaka kukaa na funguo. Nilinyanyua jembe moja nikajua papo hapo.

"Mwenyekiti," nikasema, "haya ni majembe ya kwetu ziwani. Hapa hayatafika popote."

Mwenyekiti alikuwa ameshawaambia watu kwamba serikali imetukumbuka, na alitaka iendelee kutukumbuka. "Shemeji, jembe ni jembe. Tia sahihi, gari linaondoka."

"Mimi nimeambiwa nirudi na sahihi," dereva akasema, mguu mmoja tayari uko garini, "au nirudi na majembe. Chagueni, mama zangu. Kuna vijiji vinasubiri."

Wanawake walikuwa wamejipanga. Wengine majembe yao yalikuwa yamelika mpaka yamebaki kama kiganja. Nikatia sahihi. Na maneno yale ya juu niliyasoma. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Niliyasoma, nikadhani ni maneno ya karatasi tu.

Siku ya tatu majembe yalianza kupinda. Mama mkwe wangu alilinyanyua la kwake, likiwa limekunjamana kwenye ncha, akalitazama kwa muda.

"Mwanangu, hili wametuletea la kulimia au la kukorogea uji?"

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, lakini eneo langu sikulimaliza. Majani yaliyolazwa na mume wangu yalibaki wazi, mvua za mwisho zikayasomba, na sehemu hiyo haikupandwa kitu. Mwaka huo nilikuwa nanyonyesha. Maharage tuliyapima kwa kikombe.

Nilipokwenda ziwani kumsalimia mama yangu, nilimpelekea jembe moja. Alilijaribu kwenye muhogo, akasimama akifurahi. "Zuri hili. Serikali inawapenda watu wa milimani." Nilikwenda kuanua dagaa.

Ndiyo maana nilikwenda ofisini. Karani aliponionyesha sahihi yangu alinipeleka kwa ofisa anayeshughulikia manunuzi, mtu mpole, amevaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi vizuri. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kiti. Ukutani nyuma yake lilining'inia lile jembe la sampuli, lina kikaratasi kwenye uzi, halina hata vumbi la shambani. Nikaweka langu mezani, juu ya karatasi zake.

"Dada, haya yaliyofika yanafanana na sampuli?" akauliza.

"Yanafanana."

"Basi mzabuni ametimiza."

"Mzabuni ametimiza. Ninyi je? Mlimuuliza nani?"

"Kamati ina wajumbe kutoka sehemu zote."

"Wanawake wangapi?"

Akalisogeza jembe langu pembeni ya karatasi. "Wajumbe ni wajumbe."

"Naomba hiyo karatasi niandike chini yake kwamba hayafai kwa ngolo."

"Taarifa imeshakwenda mkoani. Na wewe si ndiye uliyetia sahihi? Mtu msomi." Alisema kwa upole kabisa, na mtoto wangu akamchekea. Nilitamani kumfinya mtoto.

Nikauliza taarifa inasemaje. Alinisomea, bila kusita, kama mtu anayesoma mahudhurio ya darasa. Zabuni ilitangazwa. Waombaji watatu walijitokeza. Aliyefaa aliteuliwa. Bidhaa zilifika vijiji vyote, na wapokeaji wote wamethibitisha kwa sahihi kuwa zimeridhisha. Wapokeaji wote, yaani mimi. Nilirudi nyumbani mlima wote nikisema peke yangu.

Mwaka uliofuata majani yalilazwa tena, lori likaja tena, na kabla turubai halijafunguliwa nilijua. Mzabuni yule yule. Bwana shamba alinieleza sababu: kamati ilisoma taarifa, ikaona mwaka uliopita hakuna kijiji kilicholalamika.

Dereva alikuwa yule yule pia. Akanipa hati na kalamu. Safari hii, pale palipoandikwa hali nzuri, nilikata kwa mstari mmoja ulionyooka. Nikaandika: "Hayafai kwa ngolo. Yapelekwe ziwani, kule yanafaa. Waulizwe wanawake." Nikaweka sahihi na mkia wake wote.

Dereva akasoma, akakuna kidevu. "Mama, hii nikiipeleka wataniuliza nimetoka kijiji gani."

"Waambie."

"Basi majembe nayarudisha."

Mwenyekiti alinijia karibu kabisa. "Shemeji, unawanyima hawa wanawake majembe."

Nilitazama nyuma. Sitasema uongo kwamba wanawake wote walikuwa upande wangu. Wawili walinuna waziwazi. Ndipo mama mkwe akasema, hakupaza sauti, "Tulikuwa na vijiko mwaka jana. Vimetutosha." Lori likaondoka na mzigo wake. Tulilima na yale ya zamani, kwa zamu, mmoja anachimba na mwingine anapumzika, na mimi nilinyang'anywa funguo za ghala wiki hiyo hiyo.

Taarifa ya mwaka ule ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Ilifanana na ya kwanza, ila mwishoni waliongeza mstari: "Kijiji kimoja kilikataa kupokea bila sababu ya msingi."

Sababu niliiandika. Waliisoma, wakaamua si sababu.

Nikarudi nyumbani kuchukua kalamu. Niliandika pale pale mlangoni, chini ya mhuri wao, mwandiko mkubwa: jembe gani, limepinda wapi, udongo gani, nani analima na nani hajawahi kulima, sehemu gani ya shamba langu ilibaki bila mbegu. Nafasi ikaisha, nikaendelea pembeni. Mtoto alikuwa amekaa miguuni pangu anakula udongo, nikamwacha.

Mwenyekiti hakuibandua, sijui kwa nini. Jumapili watu wakitoka kanisani ilikuwa bado ipo. Wanawake walisimama mbele yake, na kwa kuwa wengi hawajui kusoma, waliniomba niwasomee. Nilisoma ya wilaya kwanza, taratibu, mpaka mwisho. Kisha nikasoma yetu. Mmoja wa wale wawili walionuna akasema, "Rudia pale pa mwanamume ambaye hajawahi kulima." Nikarudia. Waume zao walikuwa wamesimama nyuma, kofia mkononi, wanasikia.